Kidhibiti cha Arifa za Mwanachama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanachama wa Sacco yetu wanaotumia Kidhibiti cha Arifa, wawe wanakifungua kwenye programu ya simu, kwenye tovuti au kwa menyu ya simu ya kawaida. Maswali yametokana na yale ambayo dawati la huduma katikati ya jiji la Nairobi huulizwa kila siku. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi mingi, na mengine ni ya mstari mmoja au miwili kwa kuwa hayahitaji zaidi.

Kidhibiti cha Arifa ni nini hasa?

Ni sehemu ya akaunti yako ya uanachama inayokuwezesha kuamua ni habari zipi utakazoletewa, kwa njia ipi na wakati gani. Njia ni tatu: ujumbe mfupi wa simu, arifa ya programu inayojitokeza kwenye skrini, na barua pepe. Habari zenyewe zimegawanywa katika mafungu matano, ambayo ni usalama wa akaunti, miamala, mikopo na udhamini, mikutano na uchaguzi, na matangazo. Kila fungu lina swichi yake kwa kila njia, hivyo unaweza kupokea habari za mikopo kwa ujumbe mfupi, ukaiachia barua pepe taarifa ya mwezi peke yake, na ukazima matangazo kila mahali. Kidhibiti hakigusi akiba, hisa wala mkopo wako. Ukikosea mpangilio, utakachopoteza ni taarifa wala si fedha, ingawa, kama tutakavyoeleza kuhusu udhamini, kukosa taarifa kwa wakati kunaweza kukugharimu.

Ninatumia kabambe. Je, Kidhibiti kinanihusu?

Kinakuhusu. Katika menyu ya simu ya kawaida chagua Akaunti Yangu, kisha Arifa. Utaona mafungu yale yale matano, lakini njia itakuwa ujumbe mfupi pekee, na hutaweza kupanga muhtasari, yaani arifa zikusanywe na kuletwa kwa pamoja badala ya moja moja. Ukitaka tukupangie kila kitu kwa mara moja, fika tawini na kitambulisho chako.

Nianze na mipangilio ipi?

Mwanachama mpya huwekewa mipangilio ya awali ambayo, kwa maoni yetu sisi tunaoihudumia, ina kelele kupita kiasi. Iliwekwa hivyo makusudi ili mtu asije akasema hakuambiwa. Ushauri wetu ni kwamba upitie orodha na kujiuliza jambo moja kwa kila fungu: nikiipata arifa hii, kuna kitu ninachopaswa kufanya? Ikiwa kipo, iache ifike papo hapo kwa ujumbe mfupi. Ikiwa hakuna, ipeleke kwenye muhtasari au uizime. Taarifa kwamba tawi limepata rangi mpya haipaswi kukutikisa mfukoni kwa namna ile ile inayokutikisa habari kwamba mtu ameomba udhamini wako.

Kwa nini napata taarifa mbili au tatu kwa shilingi zile zile?

Ukiweka akiba kwa M-Pesa, ujumbe wa kwanza hutoka kwa M-Pesa kuthibitisha kwamba fedha zimetoka kwako, na wa pili hutoka kwetu kuthibitisha kwamba zimeingia kwenye akaunti yako. Ikiwa umewasha pia arifa ya programu, hiyo ni ya tatu. Wa M-Pesa hauko chini ya uwezo wetu. Kati ya zile mbili za kwetu unaweza kubakiza moja, na pia unaweza kuweka kima cha chini, kwa mfano shilingi 500, ili miamala midogo isikuletee ujumbe ila ionekane tu katika kumbukumbu. Kima hicho hutumika kwa fedha zinazoingia pekee. Fedha zinazotoka hutangazwa daima, hata kama ni shilingi 10, kwa sababu wezi wengi huanza kwa kiasi kidogo ili kujaribu kama mlango uko wazi.

Makato yangu huja moja kwa moja kutoka kwa mwajiri. Je, nizime arifa za miamala?

Tafadhali usizizime. Hili ni mojawapo ya mambo ambayo tungependa kila mwanachama mwenye ajira ayaelewe. Makato ya mshahara hupita mikononi mwa mwajiri kabla ya kutufikia, na si siri kwamba katika nchi hii wapo waajiri wanaokata fedha kwenye hati ya mshahara kisha wakachelewa kuziwasilisha kwa Sacco, wakati mwingine kwa miezi mingi. Hati yako ya mshahara itaonyesha umekatwa. Daftari letu litaonyesha hujalipa. Mkopo wako utaanza kuhesabiwa kuwa umechelewa bila ya wewe kukosa lolote, na wadhamini wako wataanza kupata simu ambazo hawakuzitarajia.

Kwa hiyo, pamoja na arifa ya fedha zilizoingia, Kidhibiti kina arifa ya makato yasiyofika. Unaandika tarehe ambayo kwa kawaida makato yako huwa yameingia, na usipoonekana mchango wowote hadi siku 5 baada ya tarehe hiyo, tutakutumia ujumbe. Arifa hii imezimwa katika mipangilio ya awali kwa kuwa wanachama wanaofanya biashara, tuseme wa Gikomba au wa kazi za mikono Kariobangi, hawana tarehe maalumu ya kuweka fedha na ingewasumbua bure. Kwa mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa Eneo la Viwanda, hatuoni sababu ya kutoiwasha. Ukiipata, anza kwa kuuliza ofisi ya mishahara ya kazini kwako ukiwa na hati ya mshahara mkononi, kisha tuletee nakala.

Ombi la udhamini hufanyaje kazi, na kwa nini arifa yake hairuhusiwi kuingia kwenye muhtasari?

Mwanachama mwenzako anapoomba mkopo na kukutaja kuwa mdhamini, mfumo hukutumia arifa yenye jina lake, kiasi cha mkopo na kiasi ambacho akiba yako itakishikilia. Una saa 72 za kukubali au kukataa. Kukaa kimya hakuhesabiwi kuwa umekubali. Muda ukiisha, ombi hujifunga lenyewe na mwombaji huambiwa atafute mdhamini mwingine.

Wanachama kadhaa wametuomba waruhusiwe kuweka maombi haya katika muhtasari wa wiki, wakisema kwamba marafiki wamezidi. Tunaelewa, lakini muhtasari wa wiki ungefika wakati muda umeshakwisha, na mtu aliyehitaji karo ya mtoto angebaki kusubiri jibu lisilokuja. Tulichoweza kufanya ni kuongeza swichi ya kusitisha udhamini. Ukiiwasha, jina lako halitaonekana katika orodha ya wadhamini wanaopatikana na hakuna ombi litakalokufikia hadi uizime. Mwombaji haambiwi kwamba umesitisha. Huona tu kwamba hupatikani kwa sasa, jambo linaloweza pia kumaanisha kwamba akiba yako imeshikiliwa na mikopo mingine. Tumeona kwamba njia hii huepusha maneno katika familia na kazini kuliko kukataa ombi moja baada ya jingine.

Baada ya kukubali kudhamini, utaendelea kupata taarifa iwapo mkopo huo umecheleweshwa. Taarifa hiyo haizimiki kwa muda wote ambao udhamini uko hai. Akiba yako ndiyo inayosimama nyuma ya mkopo huo, na ni heri ujue mwezi wa kwanza kuliko mwezi wa sita.

Arifa zipi siwezi kuzizima kabisa?

Mbali na taarifa za udhamini ulio hai na za fedha zinazotoka, huwezi kuzima arifa za usalama: nambari ya uthibitisho unapoingia, taarifa ya kuingia kutoka simu mpya, mabadiliko ya nambari ya siri na mabadiliko ya nambari ya simu. Unaweza kuchagua njia zitakazotumika, ila lazima ibaki angalau moja. Katika fungu hili pia kuna taarifa ya uvujaji wa data. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtaka anayehifadhi data kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu kufahamu uvujaji wenye hatari ya kweli, na kumjulisha mwenye data kwa maandishi ndani ya muda unaofaa. Tukikuruhusu uzime, tungekuwa tumejifungia njia ya kutimiza wajibu huo.

Taarifa ya Mkutano Mkuu wa Mwaka nayo hutumwa kwa kila mwanachama, kwani Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka wanachama wapewe notisi ya maandishi ya angalau siku 15. Vikumbusho vinavyofuata baada ya notisi hiyo unaweza kuvizima.

Nimewasha kila kitu, lakini arifa za programu hazifiki. Kwa nini?

Swali hili ndilo linalorudi mara nyingi kuliko mengine yote, na kwa kawaida tatizo haliko kwenye Kidhibiti bali kwenye simu. Arifa ya programu hupita katika milango mitatu. Kwanza Kidhibiti chetu huamua kuituma. Kisha seva yetu huikabidhi kwa huduma ya Google ikiwa una simu ya Android, au ya Apple ikiwa una iPhone, na huduma hiyo ndiyo inayoipeleka hadi kwenye simu. Mwisho, simu yenyewe huamua kama itaionyesha. Kidhibiti kinaweza kuwasha na kuzima mlango wa kwanza tu.

Anza na ruhusa. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, programu mpya hairuhusiwi kuonyesha arifa hadi mwenye simu akubali, na wengi wetu tumezoea kugusa jibu la kukataa kila swali linapotokea ili tuendelee na shughuli zetu. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye orodha ya programu, chagua programu yetu, kisha uangalie sehemu ya arifa. Humo utakuta mafungu yetu matano yakiwa na swichi zake, kwa sababu tangu Android 8 ya mwaka 2017 kila programu hulazimika kugawa arifa zake katika mafungu ambayo mwenye simu anaweza kuyazima moja moja. Hapo ndipo watu wengi hukwama: fungu limewashwa kwetu na limezimwa kwenye simu, na palipo na mvutano kati ya hizo mbili, simu ndiyo inayoshinda.

Jambo la pili ni betri. Android imekuwa ikilaza programu zisizotumika tangu toleo la 6 la mwaka 2015, lakini baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza ukali wao juu ya huo. Simu za Tecno na Infinix, ambazo ukitembea Mtaa wa Luthuli utaziona katika kila kibanda, huja na programu ya kusafisha simu iitwayo Phone Master. Ukiruhusu usafishaji wa aina hiyo ufunge programu zinazofanya kazi kimyakimya, yetu inaweza kufungwa pamoja na nyingine. Itafute programu yetu katika mipangilio ya betri na uiondolee kizuizi. Aidha, ukiilazimisha programu isimame kupitia mipangilio ya simu, Android haitaipelekea arifa yoyote hadi utakapoifungua tena kwa mkono wako.

La tatu hujulikana na wachache. Programu ikikaa miezi kadhaa bila kufunguliwa, matoleo ya Android kuanzia la 12 huiweka katika usingizi mzito, hufuta ruhusa zake na huikatia arifa. Mwanachama anayefungua programu yetu wakati wa gawio tu, mara moja kwa mwaka, ndiye anayepatwa na hili, naye hulalamika, kwa haki kabisa, kwamba hajagusa chochote. Kwenye ukurasa wa programu yetu ndani ya mipangilio ya simu kuna swichi inayoruhusu simu isimamishe programu isiyotumika, izime.

Kuna pia jambo la mtandao wa ofisini. Arifa za Android husafiri kupitia milango ya mtandao yenye nambari 5228, 5229 na 5230, na za iPhone kupitia 5223. Baadhi ya ofisi, hasa zile zenye walinzi wakali wa mtandao kama zilivyo nyingi za Upper Hill, huifunga milango hiyo. Dalili yake ni kwamba arifa hukaa kimya mchana kutwa, kisha zote humiminika kwa pamoja unapotoka na simu kurudi kwenye data yake. Mwombe fundi wa mitandao wa kazini aifungue, au uchague ujumbe mfupi kwa mambo ya haraka, kwa sababu ujumbe mfupi hautegemei intaneti hata kidogo.

Kwa wenye iPhone, angalia kama umewasha hali ya kutosumbuliwa au muhtasari uliopangwa, ambao Apple iliuleta mwaka 2021 katika iOS 15. Muhtasari huo hukusanya arifa na kuzionyesha saa ulizochagua, hivyo arifa haikupotea. Inasubiri zamu yake.

Nilikuwa kijijini bila mtandao. Kwa nini nimepata arifa za zamani niliporudi?

Huduma ya Google inaweza kuhifadhi arifa isiyofika kwa hadi wiki 4. Sisi tumeweka muda mfupi zaidi kwa zile zinazopitwa na wakati: nambari ya uthibitisho hufa baada ya dakika 5, na ombi la udhamini hufa muda wake unapoisha. Nyingine huachwa zikufikie hata kama zimechelewa. Tarehe iliyo ndani ya arifa ndiyo ya kuaminiwa, wala si saa ambayo simu ililia.

Wakati wa Utulivu unapangwaje?

Unachagua saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na katika kipindi hicho hatutumi kitu isipokuwa arifa za usalama na za fedha zinazotoka. Zilizobaki huwekwa na kutumwa utulivu unapokwisha.

Tafadhali soma saa kwa makini. Kidhibiti hutumia saa 24 kwa majira ya Afrika Mashariki, na mwanachama anayetaka utulivu kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi anapaswa kuandika 21:00 hadi 06:00. Zamani wengi waliandika 03:00 hadi 12:00, yaani saa tisa usiku hadi saa sita mchana, kisha wakashangaa kwa nini simu inalia usiku na kunyamaza asubuhi nzima. Sasa chini ya kila kisanduku tumeweka maandishi yanayotafsiri saa uliyochagua kwa maneno, kama vile saa tatu usiku. Ukiona maneno hayo hayalingani na nia yako, rekebisha kabla ya kuhifadhi.

Unaweza kupanga vipindi viwili tofauti kwa siku tofauti za wiki. Tuliongeza uwezo huo kwa ombi la wauguzi na walinzi wa zamu ya usiku, ambao usiku wao huanza jua likichomoza.

Je, arifa zitamaliza bando langu?

Hapana. Arifa moja ya programu, kwa kanuni za Google na Apple, haizidi kilobaiti 4, na zetu hazina picha. Ukipokea 10 kwa siku kwa mwezi mzima, zote kwa pamoja hazifiki megabaiti 2. Barua pepe ya taarifa ya mwezi ina faili la PDF. Hiyo ipakue ukiwa kwenye Wai-Fai ukipenda. Ujumbe mfupi tunaulipia sisi.

Kwa nini jumbe zenu fupi zinabana maneno hivyo?

Kwa sababu ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, na ukizidi hapo unahesabiwa, na kulipiwa, kama zaidi ya mmoja. Gharama hiyo hutoka katika fedha za wanachama. Herufi zote za Kiswahili zimo katika orodha ya kawaida ya ujumbe mfupi, hivyo kwa upande huo hatuna shida. Shida hutokea pale inapoingia alama moja isiyo katika orodha, kwani ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi herufi 70. Kwa muda fulani wanachama wenye majina kama Ng'ang'a na Wang'ombe walikuwa wakipokea ujumbe uliokatika vipande viwili ilhali wenzao wanapokea mmoja. Ilibainika kwamba fomu za usajili zilizochapwa kwenye kompyuta zilikuwa na alama ya ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Sasa mfumo huinyoosha yenyewe kabla ya kutuma. Ikiwa jina lako bado linaonekana vibaya, tuandikie.

Sitaki abiria mwenzangu asome salio langu kwenye matatu.

Ombi la haki. Washa swichi ya kuficha maelezo, na arifa ya programu itasema tu kwamba kuna taarifa mpya katika akaunti, bila jina wala kiasi. Maelezo utayaona ukishafungua kwa nambari ya siri. Kwa ujumbe mfupi hatuwezi kufanya hivyo hivyo, ila unaweza kuzima salio ndani ya ujumbe ili kibaki kiasi cha muamala peke yake. Mipangilio ya simu nayo inaruhusu kuficha yaliyomo katika arifa wakati skrini imefungwa, na hiyo hufunika programu zote.

Ninawezaje kuacha kupokea matangazo?

Zima fungu la matangazo, na yatakoma siku hiyo hiyo katika njia zote tatu. Huhitaji kutoa sababu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinazuia matumizi ya data ya mtu kwa biashara bila ya ridhaa yake, na ridhaa hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote. Katika barua pepe zetu za matangazo kuna kitufe cha kujiondoa kwa mguso mmoja, bila kuulizwa nywila. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo huwadai watumaji wakubwa wa matangazo waweke kitufe cha namna hiyo, nasi tunaona ilikuwa hatua njema iliyochelewa.

Matangazo ya kampuni nyingine hayapiti kwetu, na hatuuzi wala kugawa orodha ya nambari. Mteja wa Safaricom anayesumbuliwa na jumbe za matangazo anaweza kutumia *456*9*5#, nambari ambayo huenda umeiona mwishoni mwa jumbe zenyewe. Kampuni ikiendelea kukutumia baada ya kukataa, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nimebadilisha laini. Nifanye nini?

Ibadilishe kwenye akaunti kabla ya kuiacha ile ya zamani, kwa sababu nambari ya uthibitisho hutumwa kwenye laini zote mbili. Laini iliyoachwa bila kutumiwa hatimaye hupewa mtu mwingine, na taarifa zako zitaanza kumfikia mtu usiyemjua. Ikiwa laini ya zamani imeshapotea, itakubidi ufike tawini na kitambulisho. Tunajua ni usumbufu kwa anayetoka Rongai au Ruiru, lakini mtu anayejaribu kukuibia akaunti naye husema kwa simu kwamba laini yake imepotea, na hatuna njia nyingine ya kuwatenganisha ninyi wawili.

Nitajuaje kwamba ujumbe umetoka kwenu?

Arifa yoyote ya kweli iko pia katika kumbukumbu ndani ya akaunti yako, isipokuwa nambari za uthibitisho. Ukiitilia shaka, usiujibu ujumbe wala kupiga nambari iliyo ndani yake. Fungua akaunti kwa njia yako ya kawaida na uitafute humo. Isipokuwepo, ni ya ulaghai. Hatuweki kiungo cha kuingilia akaunti katika ujumbe mfupi, na hakuna mtumishi wetu atakayekuuliza nambari ya siri au nambari ya uthibitisho, hata akikutajia jina lako kamili na tarehe ya mkopo wako. Mteja wa Safaricom anaweza kuutuma ujumbe wa ulaghai kwa 333 bila malipo.

Mipangilio yangu imebadilika na sikuigusa.

Chini kabisa ya Kidhibiti kuna historia inayoonyesha kila badiliko, saa yake na kifaa kilichotumika. Kikiwa ni kifaa unachokijua, mara nyingi ni mwenzi au mtoto aliyeshika simu ikiwa imefunguliwa. Kikiwa hukijui, badilisha nambari ya siri kwanza na utupigie baadaye. Mwizi mwenye akili huzima arifa kabla ya kuanza kutoa fedha, na ndiyo maana taarifa ya fedha zinazotoka haina swichi.

Kwa nini hamtumi arifa kwa WhatsApp?

Tulilijadili, tukaliacha kwa sasa. Wanachama wengi hushiriki makundi ya matawi huko, na tulihofia kwamba ujumbe wa kweli na wa kughushi vingekaa bega kwa bega katika orodha moja.

Swali langu halimo hapa. Niulize wapi?

Andika kupitia sehemu ya Msaada ndani ya programu au fika tawini. Ikiwa ni arifa isiyofika, tutajie aina ya simu, toleo la Android au la iOS, fungu la arifa, na siku na saa uliyoitarajia. Bila ya hayo tutalazimika kukuuliza tena na siku itapita. Ukiambatisha picha ya skrini, hakikisha haina nambari ya uthibitisho.